Wananiambia Namuua Mume Wangu kwa Nazi

Daktari,

Mimi ni mwanamke wa Pangani, nimeolewa na mtu wa Dodoma, tunaishi Tanga mjini na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 13 na mwingine wa miaka 9. Mwezi wa pili mdogo wake mume wangu alianguka kazini huko Dodoma, akafariki kabla hajafikishwa hospitali. Alikuwa na miaka 41. Ameacha mjane na watoto watatu. Baba yao naye alikufa ghafla kabla hajatimiza miaka 50, kabla sijaolewa, na nasikia wakati ule watu walisema amerogwa.

Baada ya arobaini nilimbana mume wangu mpaka akakubali kupima. Ana miaka 43, si mnene, havuti sigara, kila Jumamosi anacheza mpira na wenzake. Karatasi ya maabara inasema kolesteroli ya jumla 8.4, LDL 6.5, HDL 1.2, triglisaridi 1.4. Presha na sukari viko sawa. Akapewa atorvastatin ya miligramu 40, kidonge kimoja kila usiku. Alimeza wiki tatu, mapaja yakaanza kumuuma, halafu rafiki yake akamtumia ujumbe kwamba dawa hizo zinakula ini na ukizianza huziachi mpaka kufa. Ameacha. Sasa kila asubuhi anatafuna kitunguu swaumu na kunywa maji ya ndimu.

Wifi yangu anasema ni mimi. Anasema mapishi ya Pwani, wali wa nazi, samaki wa kupaka, maandazi, ndiyo yaliyomjaza kaka yake mafuta. Huyo mdogo wao aliyefariki nazi alikuwa haigusi, lakini hilo halisemwi. Mjomba wao naye anasema mafuta hayana kosa lolote, kwamba Wamasai wanaishi kwa nyama na maziwa na moyo hauwasumbui. Mimi nimechanganyikiwa. Nimeacha nazi, mayai na mafuta ya kila aina, nachemsha kila kitu. Watoto wananuna, mume wangu anakula chipsi huko nje. Usiku nakaa macho nikisikiliza anavyopumua. Je, ni kweli nimemfanyia haya kwa mikono yangu?

Mama wa Wawili, Tanga

*

Mwanangu, poleni sana kwa msiba, wewe na wenzako wote, na zaidi mjane aliyebaki Dodoma na watoto.

Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, hukumfanyia hivyo. Na ushahidi umeuandika mwenyewe. Baba mkwe wako alikufa kabla hujakanyaga nyumba ile. Shemeji yako aliishi mamia ya kilomita kutoka jikoni kwako na hakuwa mla nazi. Watu wawili wa damu moja, waliokula vyakula tofauti katika nyakati tofauti, wamekufa kifo kinachofanana, na wote wakiwa bado na nguvu zao. Mtu anayetaka kujua sababu hawezi kuanzia kwenye chungu chako. Lazima aanzie kwenye ukoo.

Tuisome ile karatasi ya maabara pamoja. Kolesteroli, au lehemu kama wengine wanavyoiita, hapa imepimwa kwa milimoli katika lita moja ya damu. Kwa mtu mzima tunapenda ile ya jumla isipite 5.2. Ya mumeo ni 8.4. HDL, inayosaidia kurudisha kolesteroli kwenye ini, ni 1.2, haina tatizo. Triglisaridi, ambayo hupandishwa sana na sukari, pombe na kitambi, ni 1.4, chini ya kikomo cha 1.7. Kumbe mzigo wote uko mahali pamoja: LDL 6.5. Wagonjwa walioharibiwa na ulaji pekee mara nyingi huja na karatasi ya sura nyingine kabisa, triglisaridi ikiwa juu, HDL chini, sukari imeanza kupanda, na LDL imezidi kwa kiasi. Ya mumeo haifanani na hiyo. LDL ikivuka 4.9, daktari anatakiwa aulize: katika ukoo huu, nani alikufa kwa moyo akiwa bado kijana?

Kwenu jibu lipo, na ni la watu wawili.

Kuna hali ya kurithi ambayo humfanya mtu awe na LDL nyingi tangu anazaliwa. Inampata takriban mtu mmoja kati ya 250 au 300, kwa hiyo katika shule kubwa ya msingi unaweza kukuta watoto kadhaa wanayo. Huku kwetu haisikiki kwa sababu watu hawapimwi. Wanaanguka, wanazikwa, kisha ukoo unabaki kutafuta mchawi au mke wa kulaumiwa.

Nikueleze inavyofanya kazi, maana ukielewa hapa hutayumbishwa tena na maneno ya watu. Kolesteroli si sumu. Mwili unaitumia kujenga kuta za seli, kutengeneza homoni, vitamini D na nyongo, na sehemu kubwa ya kolesteroli tuliyo nayo tunaitengeneza wenyewe, ini likiwa ndilo fundi mkuu. Usipokula yai hata moja maisha yako yote, bado utakuwa nayo. Kwa kuwa haiyeyuki kwenye damu, inasafirishwa ndani ya vifurushi vidogo sana, na LDL ni aina mojawapo ya vifurushi hivyo. Vikishamaliza safari, ini ndilo linaloviondoa kwenye damu, kwa kutumia vipokezi vilivyo juu ya seli zake. Fikiria ghala lenye mageti mengi na malori yanayongoja kuingia. Mageti yote yakifanya kazi, barabara inapitika. Nusu ya mageti yakifungwa, malori yanajazana barabarani hata kama mzigo haujaongezeka. Aliyerithi kasoro hii kwa mzazi mmoja amezaliwa na karibu nusu ya mageti. LDL inabaki kuzunguka, inajipenyeza kwenye kuta za mishipa ya moyo, inakwama humo, na miaka inavyokwenda ukuta unavimba kwa ndani kimyakimya. Siku uvimbe huo unapopasuka, damu inaganda juu yake na mshipa unaziba. Ndiyo maana mtu anaweza kucheza mpira Jumamosi vizuri kabisa, akaanguka siku chache baadaye.

Waliogundua mageti haya ni Michael Brown na Joseph Goldstein, madaktari wa Dallas huko Marekani, katika miaka ya 1970. Walianza kwa kuchunguza watoto waliorithi kasoro hii kwa baba na kwa mama pia, watoto ambao hupata shambulio la moyo wakiwa bado wadogo. Mtoto wa umri ule hajapata muda wa kula vibaya. Mwaka 1985 wawili hao walipewa tuzo ya Nobel.

Baadaye, katika chuo cha Brown na Goldstein huko Dallas, Helen Hobbs na Jonathan Cohen wakapata kisa cha kinyume chake, na hiki nakipenda kwa sababu ni cha watu wenye asili ya Afrika. Waligundua kwamba baadhi ya Wamarekani weusi wana hitilafu katika jeni iitwayo PCSK9, hitilafu ambayo badala ya kuwadhuru inawaachia mageti mengi zaidi. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tu kulinganisha na wenzao. Lakini walipofuatiliwa kwa miaka 15, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulipungua kwa asilimia 88. Punguzo lile la wastani lilizaa kinga kubwa namna hiyo kwa sababu walikuwa nalo tangu kuzaliwa. Moyo unahesabu kiwango cha LDL, halafu unahesabu na miaka ambayo mishipa imekaa nayo. Mumeo ana miaka 43 ya 6.5 au karibu yake. Ndoa yenu haiwezi kubeba hesabu hiyo.

Mimi sijamwona mumeo, na barua haitoshi kutamka ugonjwa. Daktari wake atapima kwanza tezi ya shingo na figo, kwa sababu vikiugua navyo hupandisha LDL. Lakini wewe unaweza kuangalia jambo moja leo nyumbani. Mguse ile kano nene nyuma ya kifundo cha mguu, juu kidogo ya kisigino, na kano za juu ya vidole vya mkono. Ukikuta zimenenepa au zina vinundu vigumu, mwambie daktari. Mwangalie na macho pia: duara jeupe kuzunguka ile sehemu nyeusi ya jicho, kwa mtu ambaye hajafika miaka 45, si jambo la kupuuza. Usipoviona usidhani yuko salama, wengi hawana dalili yoyote ya nje.

Sasa nazi. Kukuondolea wewe lawama si kusema kwamba tui halina lake. Gramu 100 za nyama ya nazi iliyokomaa zina mafuta gramu 33 hivi, na karibu 30 kati ya hizo ni mafuta magumu, ya aina ile inayoganda kukiwa na baridi, kama yalivyo ya samli, siagi na shahamu ya nyama. Mafuta ya namna hii yanalifanya ini lipunguze mageti yake, na LDL inapanda. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote tunayoipata kwenye chakula, na kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku hiyo ni gramu 22 hivi. Bakuli moja la mchuzi wa tui zito na sahani ya wali wa nazi vinaweza kuzimaliza gramu hizo, bado hatujataja chapati. Wapo wanaouza mafuta ya nazi siku hizi kama dawa ya moyo. Utafiti uliolinganisha mafuta ya nazi na mafuta laini ya mimea unaonyesha nazi inapandisha LDL, na mimi siwezi kumshauri mtu mwenye 6.5 ayanywe kwa kijiko.

Lakini jiko lina nguvu kiasi gani? Tunao mfano wa nchi nzima, tena ya humuhumu katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1987 serikali ya Mauritius iliamua kwamba mafuta ya kupikia yanayotumiwa na wananchi walio wengi, ambayo zaidi yalikuwa ya mawese, yawe ya soya. Sambamba na hilo waliendesha kampeni ya afya. Kufikia mwaka 1992 wastani wa kolesteroli wa watu wazima ulikuwa umeshuka kwa takriban 0.8. Kwa taifa zima huo ni ushindi mkubwa, na natamani serikali zetu zingeusoma kwa makini. Hata hivyo chukua 8.4 ya mumeo, toa 0.8. Anabaki na 7.6. Ungepika kama malaika, bado angekuwa hatarini. Na ndiyo sababu nasema wifi yako amekosea hesabu, ingawa hajakosea kwamba mafuta yana uzito wake.

Mjomba naye ameshika nusu ya habari. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani George Mann na wenzake waliwapima wanaume wa Kimasai hapa Tanganyika, wakashangaa kukuta kolesteroli yao iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni nadra sana, pamoja na maziwa yote yale. Habari hiyo ndiyo iliyosambaa. Iliyobaki nyuma ni ya mwaka 1972, Mann alipoandika matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki: kuta za mishipa zilikuwa na utando wa mafuta kama za wazee wa Kimarekani. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikapata njia, na watafiti walilihusisha hilo na mwendo, yaani kutembea na mifugo kutwa nzima toka utotoni. Watafiti wengine waliona pia kwamba miili yao inajua kupunguza kutengeneza kolesteroli pale inapoipata kwenye chakula. Na kule Kampala, watafiti Shaper na Jones waliandika mwaka 1959 kwamba Waafrika waliokula ndizi na vyakula vya shamba walikuwa na kolesteroli ya chini, na ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu haukuwapo kwao, ilhali Waasia wa nchi hiyohiyo walikuwa na kolesteroli ya juu na waliugua sana. Chakula na mwendo vina maana. Ila mfano wa Wamasai hauwezi kumlinda mkazi wa Tanga ambaye baba na mdogo wake wamekufa ghafla, na ambaye damu yake imeshapimwa ikasema.

Dawa ndiyo sehemu nzito ya jibu langu. Mumeo amewekewa silaha mkononi, akaiweka chini kwa sababu ya ujumbe wa simu. Inaniuma.

Dawa za jamii hii, statini, zilianzia kwa Mjapani Akira Endo. Yeye na wenzake walichunguza maelfu ya aina za kuvu, na mwaka 1973 wakapata kitu kinachozuia ini lisitengeneze kolesteroli kupita kiasi. Kilitoka kwenye ukungu uliokutwa kwenye mchele. Ini likitengeneza kidogo, hulazimika kufungua mageti zaidi ili lichukue LDL iliyo kwenye damu. Kazi ya dawa ni hiyo. Kwa miaka mingi madaktari wengi hawakuwa na imani, mpaka mwaka 1994 matokeo kutoka nchi za Skandinavia yalipotoka. Walikuwa wagonjwa wa moyo 4,444, nusu wakapewa simvastatin na nusu kidonge kisicho na dawa ndani, kwa miaka mitano na zaidi. Kwenye kundi lisilo na dawa walikufa 256. Kwenye kundi la dawa walikufa 182. Tangu hapo tafiti zimerundikana na zinasema neno hilohilo. Statini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2007, na atorvastatin sasa inatengenezwa na viwanda vingi, hivyo bei yake haifanani tena na ya zamani. Kiasi alichopewa mumeo kinaweza kushusha LDL kwa karibu nusu. Hakuna sufuria inayoweza hivyo.

Maumivu ya mapaja usiyadharau, wala usiyape ushindi kabla hayajachunguzwa. Kule London walichukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, wakawapa kwa zamu, bila wao kujua, miezi ya statini na miezi ya kidonge kitupu, na miezi mingine wasimeze chochote. Matokeo ya mwaka 2020: asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye statini waliupata vilevile kwenye kidonge kitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli, hakuna aliyesema uongo. Hofu ya dawa nayo inauma. Nusu yao walirudi kwenye dawa. Wapo wachache ambao misuli yao haipatani nayo kweli, na kwao daktari hupunguza kipimo, hubadilisha aina ya statini au huongeza dawa ya jamii nyingine. Cha kuogopa hasa ni udhaifu mkubwa wa misuli pamoja na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Huo ni wa kukimbilia hospitali, lakini ni nadra sana. Na ini? Daktari atalipima kwa damu. Madhara makubwa ya ini kutokana na statini ni adimu, na vimeng'enya vikipanda kidogo mara nyingi hurudi vyenyewe. Amwambie daktari dawa zote nyingine anazotumia, hata za kienyeji na zile ambazo mtu huona haya kuzitaja, maana kuna zisizochanganyika na statini.

Kwamba ataimeza maisha yake yote, ni kweli. Kasoro nayo ni ya maisha yote.

Kitunguu swaumu kibaki kwenye mchuzi. Mwaka 2007 chuo cha Stanford kilichapisha matokeo ya watu wazima 192 waliotumia kitunguu swaumu kibichi, au vidonge vyake, au kidonge kitupu, siku sita kwa wiki kwa miezi sita. LDL haikusogea. Ndimu nayo haina kosa lolote ila haifungui geti.

Turudi jikoni, mwanangu, kwa sababu umejiadhibu kiasi cha kutosha. Acha kuchemsha kila kitu. Chakula kisicho na ladha ndicho kilichomfukuza mumeo akaishia kwenye chipsi, na mafuta ya chipsi za barabarani mara nyingi ni ya mawese yaliyokaangiwa tena na tena. Umeondoa tui ukamwachia hayo. Jambo ambalo watu wengi wanakosea kuhusu mafuta ni hili hasa: wanatazama walichotoa, hawatazami walichoweka. Ukitoa mafuta magumu ukaweka mkate mweupe, soda na chai yenye vijiko vinne vya sukari, moyo haupati faida. Ukiweka mafuta laini ya mimea, karanga, maharage na samaki, unapata.

Na wewe una bahati, kwa sababu dawa ya jiko lako iko kwa wakwe zako. Dodoma na Singida ndiko alizeti inakostawi, na mafuta ya alizeti yana mafuta magumu kama sehemu moja tu kati ya kumi, wakati mawese yanakaribia nusu. Pikia hayo, kwa kiasi, na usiyarudie rudie kukaangia. Jifunze kwa mama mkwe mlenda wa karanga na ugali wa uwele au mtama. Nawe uwafundishe samaki wa Pwani: vibua na dagaa wana mafuta yanayoufaa moyo, wachome au wapike mchuzi wa nyanya, ndimu na pilipili. Kunde, choroko na maharage yaingie mezani karibu kila siku, maana ufumwele wake hubeba kolesteroli tumboni ikatoka nayo. Nazi usiifukuze kabisa. Iwe ya mara moja kwa wiki, ya siku ya wageni, na utumie tui jepesi badala ya lile la kwanza. Samli, mafuta ya kuganda, ngozi ya kuku, utumbo na nyama ya mafuta, hizo zipungue kweli. Mafuta ya kuganda soma kopo lake: yakiwa yamegandishwa kiwandani kwa haidrojeni yaache dukani, kwa sababu hupandisha LDL na kushusha HDL kwa wakati mmoja.

Mayai? Kiini kimoja kina kolesteroli karibu miligramu 200, lakini kwa watu wengi kolesteroli ya kwenye chakula hupandisha ya kwenye damu kidogo kuliko mafuta magumu yanavyofanya. Ndiyo maana mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2015 uliondoa kile kikomo cha zamani cha miligramu 300 kwa siku. Wape watoto mayai yao. Kwa mumeo, mawili matatu kwa wiki yanatosha mpaka LDL itakaposhuka. Na jambo moja ambalo watu wa mwambao hawaambiwi: kahawa inayochemshwa na kunywewa bila kuchujwa kwa karatasi ina mafuta yake yanayopandisha LDL. Kama yeye ni mtu wa vikombe vingi barazani, apunguze.

Mpira asiache, ila kabla ya mechi ijayo daktari amruhusu. Akipata maumivu au kubanwa kifuani kunakosambaa kwenye mkono, shingo au taya, akatoka jasho la baridi au akakosa pumzi, msingoje asubuhi na msimpe dawa ya gesi. Nendeni hospitali hapohapo.

Kwa hiyo wiki hii mwende Hospitali ya Bombo, wewe na yeye, na karatasi ya maabara na majina ya waliokufa pamoja na umri wao. Mwambie daktari kisa cha baba na cha mdogo wake kwanza, kabla ya kingine chochote. Waombe waangalie kama anafaa kupelekwa kwa bingwa wa moyo, pengine Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Aanze dawa tena kwa ushauri wao, na LDL ipimwe upya baada ya wiki sita hadi nane.

Kisha watoto. Hali hii ikithibitika kwa mumeo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo. Umri wa miaka 9 na 13 ni wakati mzuri wa kupima, kwa sababu mishipa yao bado haijaharibika, na wakigunduliwa sasa wanaweza kuishi umri ambao babu yao hakuuona. Na wale watatu wa Dodoma wapimwe pia, Hospitali ya Benjamin Mkapa ina huduma za moyo. Mjane asiambiwe kwa kutishwa. Aambiwe na mtu anayempenda.

Amebaki mmoja ambaye hukumwombea ushauri. Wifi yako ni mtoto wa yule yule baba. Kama kasoro ilitoka kwake, naye ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo, na wanawake wenye hali hii huchelewa kuugua kama miaka kumi tu nyuma ya kaka zao. Anakunyooshea kidole kwa sababu amezika ndugu na anaogopa kuzika mwingine, wala hajui kwamba yeye mwenyewe huenda amebeba jambo lilelile. Usimpelekee karatasi ya maabara kama ushindi wa ugomvi. Mpigie simu, mjulie hali, kisha umwombe akapime kolesteroli kabla mwezi haujaisha. Ni damu kidogo tu ya mkononi, na hahitaji hata kwenda bila kula.